"Went" imetoka kwenye "kwenda" yetu? Mwanafunzi wa kidato cha pili kanikwamisha

#1 ChakiNyeupe
Wakuu, salaam.

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, shule ya kata, watoto 71 kwenye madawati ya kubanana. Jana saa nane mchana, lile jua la kusinzia, nilikuwa naandika ubaoni: go, went, gone. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, play inakuwa played, walk inakuwa walked. Go imefanyaje mpaka ikawa went? Hata herufi moja hazifanani." Nikampa jibu lile tulilopewa sisi: hicho hakifuati kanuni, kariri.

Kabla sijageukia ubao, sauti ikatoka kwa wale wanaokaa dirishani: "Mwalimu, hiyo went Wazungu wameichukua kwetu. Kwenda. Wakakata ku, wakapachika t."

Darasa zima likapiga meza. Nikacheka nao, lakini ile kauli nimerudi nayo nyumbani. Kwenda, went. Maana ile ile, sauti karibu ile ile, na Waingereza pwani yetu wameijua siku nyingi. Kwa nini isiwezekane? Kesho kutwa nina kipindi tena na yule wa dirishani ananisubiri.

#2 Mlinzi_wa_Usiku
Nakaa siti ya mbele. Zamu yangu inaisha saa kumi na mbili asubuhi, leteni vitu.

#3 Mpwa_wa_Tandale
Dogo apewe ukuu wa idara. Wamebeba pembe, wamebeba dhahabu, wamebeba watu, washindwe kitenzi?

#4 Ughaibuni_Leicester
Mwalimu, pole na chaki. Dogo kakosa, ila kakosa kwa akili.

Went ni wakati uliopita wa kitenzi kingine kabisa, "wend". Ipange na wenzake uone: send–sent, bend–bent, lend–lent, spend–spent. Wend–went. Ni mtoto halali wa ukoo huo, hana ukorofi wowote. Zamani wend ilikuwa kugeuka, kugeuza, kuelekea upande fulani. Ndugu yake bado anaishi Ujerumani, "wenden", na mpaka leo maana yake ni kugeuza. Hata "wander", kuzurura, ni wa ukoo huo huo.

Go nayo ilikuwa na wakati wake uliopita, "eode". Ukafa. Went akahamia nyumba ya marehemu.

#5 Mpwa_wa_Tandale
Kwa hiyo went karithi mjane.

#6 Ughaibuni_Leicester
Ndiyo hivyo. Na wend kule alikotoka akabaki mtupu, ikabidi atengenezewe wakati uliopita mpya, "wended". Leo wend mwenyewe humsikii, labda kwenye msemo mmoja wa mtu anayejikokota na njia yake.

#7 FundiSaa
Mimi napenda kalenda. Vasco da Gama kafika Mombasa na Malindi 1498. Meli ya Mwingereza James Lancaster ilitia nanga Unguja 1591. Sasa Geoffrey Chaucer, yule mshairi wao aliyefariki mwaka 1400, anawaeleza mahujaji wanaokwenda Canterbury kwa neno "wende", tena kalipatanisha vina na "ende", mwisho. Mwalimu, ukisoma juu juu unaweza kuapa ni shairi la Lamu.

Na rudi nyuma zaidi. Mfalme Alfred, aliyetawala 871 mpaka 899, alipoeleza kwamba anakitoa kitabu kwenye Kilatini na kukitia kwenye Kiingereza, alitumia kitenzi hicho hicho, wendan. Kugeuza. Nani alimfundisha Alfred Kiswahili?

#8 Mpwa_wa_Tandale
FundiSaa usitutishe na wafalme. Biashara ya pwani ilikuwepo kabla ya hao wote. Neno halihitaji pasi ya kusafiria. Linapanda jahazi ndani ya gunia la karafuu, linashuka Uajemi, linavuka nchi kavu, mwisho wa siku liko London.

#9 BintiMicheweni
Karafuu zimeletwa Unguja na Pemba karne ya 19. Tafuta gunia jingine.

#10 Mpwa_wa_Tandale
Gunia la mikoko basi.

#11 BintiMicheweni
Mikoko haitiwi guniani mwanangu. Inafungwa korija.

#12 Nyakato_Bukoba
Nimecheka mpaka chai imenipalia. Turudi kwenye neno.

Kihaya tunasema kugenda. Waganda kugenda, na wakimuaga mtu ni "genda bulungi". Wanyarwanda na Warundi kugenda, na safari ni urugendo. Wataalamu wa lugha za Kibantu wakizipanga hizi pamoja wanapata mzizi wa kale wenye g mbele. Kiswahili ndicho kilichoidondosha g kikabaki na -enda.

Halafu itazame ile w ya kwenda. Siyo ya kitenzi! Ni ku- imekutana na -enda, u ikageuka w. Ndiyo maana "tu" ikikutana nayo unapata "twende", lakini ukisema "nilienda" w haipo. Kwa Waingereza w ndiyo mwanzo wa mzizi wenyewe, haiguswi. Mwisho nako hivyo hivyo: t yao ni alama ya wakati uliopita, sisi d yetu ni ya mzizi, hata uende jana, leo au kesho. Kwa hiyo maneno haya ukiyavua nguo yamebaki na e na n. Hizo ni herufi, huwezi kuziita undugu.

#13 Mpwa_wa_Tandale
Dada Nyakato umenipa silaha mwenyewe. Genda! Ina g ya go na enda ya went. Vitenzi viwili kwa bei ya kimoja.

#14 Mlinzi_wa_Usiku
Huyu hafi.

#15 Lubumbashi243
Jambo kwenu. Miye niko Lubumbashi. Kwa Kilingala ni kokende. Lakini Wakongo wa kule chini karibu na bahari ya Atlantiki wanasema kwenda, sawasawa na ninyi, neno kwa neno. Na Wareno walifika mdomo wa mto Kongo miaka ya 1480, mbele ya huyo Vasco wenu. Bwana Tandale apite huku, njia ni fupi.

#16 Mpwa_wa_Tandale
MERCI kaka! Nimepata bandari.

#17 FundiSaa
Miaka ya 1480 Chaucer ana zaidi ya miaka 80 kaburini. Bandari unayo, abiria keshaondoka.

Mpwa, sadfa zipo. Kiajemi wana neno "bad", na maana yake ni baya, kama Kiingereza, na hawakuazimana. Australia kuna lugha ya wenyeji, Mbabaram, ambayo mbwa waliita "dog". Walikuwa nayo wenyewe kabla ya Mzungu kutokea. Lugha ni nyingi, sauti za kinywa ni chache, lazima zigongane.

Kama unataka kitenzi chetu kilichoingia kwao kweli, nenda duka la vitu vya watoto. Ule mchezo wa kupanga vipande vya mbao mpaka vianguke unaitwa Jenga. Aliyeutoa, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, akauanzisha sokoni London 1983. Hicho hakina ubishi.

#18 ChakiNyeupe
Nashukuruni, nimeandika kurasa mbili kwenye daftari la maandalio. Ila swali la yule binti wa mbele bado. Sawa, went ni ya wend. Kwa nini sasa waliichukua? Mtu ana go yake, aweke -ed aendelee na maisha. Kilimsumbua nini?

#19 Ughaibuni_Leicester
Ninavyoelewa, eode ilichakaa. Matamshi yakawa yede, yode, kila kijiji na lake. Wakati huo went imeshapoteza ile maana ya kugeuka, watu wanaitumia kwa kwenda tu. Kati ya neno lililochakaa na neno zima, mdomo ukachagua zima. Kufikia karne ya 15, huku kusini mwa Uingereza went ilikuwa imeshashika kiti.

#20 FundiSaa
Nakusahihisha kidogo #4. Umesema go ilikuwa na wakati wake uliopita. Hapana. Eode nayo ilitoka kwenye mzizi mwingine, haina damu na go. Kwa hiyo tangu Kiingereza kianze kuandikwa, go imekuwa ikiazima. Iliazima mara ya kwanza, kilichoazimwa kikafa, ikaazima tena. Waskoti peke yao ndio waliokaa chini wakaishonea ya kwake, "gaed". Robert Burns aliitumia karne ya 18.

#21 Ughaibuni_Leicester
Napokea. Kalamu iliteleza.

#22 BintiMicheweni
Mie naona sababu ni matumizi. Neno la kila saa halipati siku ya kwenda kwa fundi. Tazameni vitenzi vyao vyenye vituko: kwenda, kuwa, kula, kuona, kusema. Vya nadra vingi vimenyooka. Mtoto hulisikia "went" mara elfu kabla hajajua kuna kanuni, basi limeshakaa.

#23 FundiSaa
Kama matumizi ya kila saa yanalinda neno, eode ilikufaje? Nayo ilikuwa ya kila saa.

#24 BintiMicheweni
Hata mwenye mlinzi huibiwa.

#25 Mlinzi_wa_Usiku
Dada mbona umenigusa moja kwa moja.

#26 Bibi_wa_Korogwe
Wanangu, hamjambo. Mnawacheka Waingereza, na sisi went yetu tunayo mdomoni kila siku. Mwambie mtu aje. Unasemaje? "Njoo." Kitenzi ni kuja: anakuja, alikuja, atakuja. Njoo imetoka wapi? Nimefundisha darasa la tatu miaka 31 na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza. Tena wakiwa wengi ni "njooni", tumeshaizoea mpaka tunaizalisha.

#27 ChakiNyeupe
Shikamoo mwalimu. Hii naipeleka darasani kama ilivyo.

#28 Nairobi_Siku_Hizi
Wah. Sisi huku tulisuluhisha hiyo kitambo. Tunasema "kuja hapa". Kuja ni kuja. Na badala ya "nenda" tunasema "enda". Hakuna kukariri.

#29 Mpwa_wa_Tandale
Nairobi ninyi ndio mnaosema "goed", ila kwa Kiswahili.

#30 Lubumbashi243
Na sisi huku ni "kuya hapa". Kumbe tuko pamoja na Nairobi. Watanzania mmebaki peke yenu na njoo.

#31 BintiMicheweni
Peke yetu na Kiswahili, ndiyo.

#32 Nairobi_Siku_Hizi
Dada wa Pemba hana huruma 😂 Lakini serious, si huo ndio mchezo wenyewe? Mahali watoto wengi wanajifunza lugha wakiwa tayari na yao ya nyumbani, zile za kukariri zinanyooshwa. Mskoti alinyoosha, mimi nimenyoosha. Sioni aibu.

#33 Bibi_wa_Korogwe
Wala hata watoto wa Waingereza wenyewe. Nilikwenda kumtembelea binti yangu huko Uingereza, kale kajukuu ka miaka mitatu kananiambia kila siku "I goed". Hakuna aliyekafundisha. Kamejikatia kanuni kenyewe. Wakubwa ndio waliomharibia.

#34 Mama_Wawili_Tanga
Mimi sijui asili, ila hii "gone" ina deni langu.

Mwaka juzi kijana wa dada yangu, amezaliwa na kukulia Canada, alikuja likizo kwetu Muheza. Kiswahili chake cha kuokoteza. Asubuhi moja mama yake akauliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, babu yuko wapi nimsalimie. Kijana akajibu maneno matatu: "Babu is gone." Akaweka simu chaji, akaingia kuoga.

Jamani. Babu kavaa mabuti yake ya mpira, kashika panga, kaenda shamba kuangalia muhogo. Ukoo kule kwenye kundi umeshaanza Inna lillahi. Binamu yangu Muscat anaulizia tiketi. Shangazi yupo Morogoro, kapanda basi bila hata kufunga jiko vizuri. Simu ya mtoto haishikwi, ya babu alikuwa kaiacha chini ya mto. Mimi natoka sokoni nakuta majirani wanafunga turubai kwenye mwembe, na Canter imeshashusha viti mia moja vya kukodi.

Saa kumi na moja jioni babu anatokea kwenye kichochoro na boga begani. Akasimama. Akatazama turubai, akatazama viti, akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Nani katutoka?"

#35 Mlinzi_wa_Usiku
Nimecheka peke yangu getini, mbwa wa bosi ananishangaa.

#36 Nyakato_Bukoba
Pole na hongera kwa wakati mmoja. Lakini tukubali, hata ungesema "babu ameenda" bila kumalizia, watu wangeshtuka. Kwetu aliyekufa ni mwendazake. Kwa hiyo lugha zote mbili zimemtuma marehemu safari kwa kitenzi kile kile.

Na siyo kifo peke yake. Wao wanasema mtu "kaenda" wazimu, sisi tuna mwendawazimu. Saa mbovu kwao haiendi, kwetu haiendi. Hata ile ya faragha: wao wakibanwa wanasema tu wanahitaji "kwenda", sisi tunamalizia, kwenda haja. Hapa hakuna aliyemwibia mwenzake. Binadamu akishakuwa na miguu, kila kitu anakipa miguu.

#37 FundiSaa
Nyakato umesahau iliyo kubwa: huenda. Hu-enda, ikawa "labda". Kitenzi cha kutembea kimegeuka kuwa shaka.

#38 BintiMicheweni
Na labda yenyewe ni ya Kiarabu, na kwao ile "la budda" ni hapana budi, lazima kabisa. Sisi tumeichukua lazima yao tukaifanya pengine.

#39 Mpwa_wa_Tandale
Hiyo inaeleza miadi yetu yote.

#40 Ughaibuni_Leicester
Tukiwa hapo hapo kwenye vitenzi kubadili kazi. Ile "will" yao ya wakati ujao zamani ilikuwa kutaka. Na -ta- yetu je? Sema "atakuja", halafu sema "atakayekuja". Hiyo taka imejitokeza ghafla kutoka wapi? Ilikuwemo muda wote. Ni kutaka, imefupishwa. Hakuna aliyemnakili mwenzake hapo pia.

#41 ChakiNyeupe
Hii sikuwahi kuiona na nimesema "atakayekuja" maisha yangu yote. Mnanifanya nijisikie nimekaa nyumba ambayo sikuwahi kufungua kabati.

Ngoja niulize la kiofisi kidogo. Kwenye daftari langu nimeandika mfano "Juma anaenda shule". Mkaguzi mmoja aliwahi kunikatia nyekundu: anakwenda. Mwingine, anaenda. Niandike ipi?

#42 BintiMicheweni
Anakwenda.

#43 Mpwa_wa_Tandale
Anaenda.

#44 Bibi_wa_Korogwe
Eee, umeamsha nyuki mwanangu. Vitenzi vifupi kama kula na kunywa havitembei bila ku: anakula, hakuna anayesema "anala". Kwenda na kwisha viko mpakani, mzizi una silabi mbili, kwa hiyo vinaweza kubeba ku au kuitua. Zamani tulisema "amekwisha kula". Leo ni "ameshakula", kwisha kamung'unywa akabaki sha. Kwenda naye yuko njiani. Mimi shuleni nilikuwa napokea zote mbili na nilisemwa kwa hilo.

#45 BintiMicheweni
Bibi nakuheshimu mno, lakini mie mwanangu akiniambia "naenda" hapati nauli.

#46 Nairobi_Siku_Hizi
Huku "anaenda" ndiyo iko kila mahali, sijawahi pata shida.

#47 FundiSaa
Nairobi, wewe "kuja hapa" unaipitisha bila ushuru. Kura yako imetupwa.

#48 Mlinzi_wa_Usiku
Mama Wawili, mzee yupo lakini?

#49 Mama_Wawili_Tanga
Yupo, ana miaka 86. Nimemsomea uzi huu wote chini ya mwembe ule ule. Ya Alfred yamempita. Amesikiliza kimya mpaka kwenye hadithi yake, halafu kauliza swali moja: vile viti mia nani alivilipia.

#50 Mpwa_wa_Tandale
Shikamoo yake. Na mimi natangaza kurudi nyuma kidogo: nakubali went ni ya kwao. Go bado nachunguza.

#51 Kijana_wa_Mbagala
Wakuu nimechelewa, sijasoma kurasa zote. Kwa kifupi tu, went ni Kiswahili au siyo? Nina mtihani asubuhi.